Jeraha Lisilojulikana Lilikotoka: Kuripoti kwa Wakati katika Nyumba za Wazee

Mhadhara uliotolewa mbele ya wauguzi, wahudumu wa wazee na familia zao, Brooklyn Park, Minnesota



Kamati iliponialika iliniomba nizungumzie usalama wa mzee. Nikaomba mada ipunguzwe, maana usalama wa mzee hauishi kwa mchana mmoja. Nitabaki na jambo moja tu. Mzee akikutwa na jeraha katika nyumba anayolelewa, habari hiyo iende kwa nani, iende kwa kasi gani, na kwa nini isingoje. Lengo langu ni kuwashawishi kwamba ripoti ni sehemu ya matibabu ya jeraha lenyewe, na kwamba anayesubiri mpaka apate hakika ameshachelewa.

Nalisema hili hapa kwa sababu linatuhusu hasa. Katika vitongoji hivi vya kaskazini mwa Minneapolis ni shida kuingia nyumba ya Mkenya usikute angalau mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kulea wazee. Nenda Lowell au Worcester kule Massachusetts, nenda Dallas, nenda Seattle, habari ni hiyo hiyo. Saa tisa za usiku, mtu wa kwanza kuona alama kwenye ngozi ya mzee wa Kimarekani mara nyingi ni mtu aliyezaliwa Kisii, Moshi au Bukavu. Huyo ndiye ninayezungumza naye leo.

Hoja ya kwanza: saa ya sheria huanza kuhesabu mapema kuliko tunavyodhani.

Sheria ya shirikisho inayosimamia nyumba hizi ilipitishwa mwaka 1987, baada ya taarifa ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 1986 kuonyesha kwamba wazee wengi walikuwa wakitunzwa vibaya kwa fedha za umma. Kanuni zimeongezwa mara kadhaa tangu hapo. Zinazotuhusu leo zinasema hivi: nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid sharti iripoti kila tuhuma ya mzee kupigwa, kudhulumiwa, kutelekezwa au kuporwa mali yake, pamoja na majeraha ambayo chanzo chake hakijulikani. Kama tukio linahusu unyanyasaji au limeleta madhara makubwa ya mwili, taarifa imfikie msimamizi wa nyumba na mamlaka ya jimbo mara moja, na isizidi saa mbili. Mengine yote yasizidi saa 24. Kisha nyumba ifanye uchunguzi wake na kupeleka matokeo ndani ya siku tano za kazi. Wakaguzi hukiita kifungu hiki F609. Waliowahi kuwa kazini siku ya ukaguzi wanajua jinsi nyuso za wakubwa zinavyobadilika namba hiyo ikitajwa.

Wengi hudhani mzigo huo ni wa kampuni peke yake. Sivyo. Sheria ya mwaka 2010 ya kuwatendea wazee haki ilimtaja mtu mmoja mmoja: mmiliki, meneja, mwajiriwa, wakala, mkandarasi. Yeyote kati yao akiwa na sababu ya maana ya kushuku kwamba mkazi wa nyumba ametendewa jinai, yeye mwenyewe anawajibika kuwaarifu polisi na mamlaka ya jimbo. Muda ni ule ule, saa mbili kama kuna madhara makubwa ya mwili, saa 24 kama hakuna. Sheria ilipopitishwa, faini ya juu iliwekwa dola 200,000, na dola 300,000 ikiwa ukimya wa mtu umezidisha madhara. Hapa Minnesota tuna pia sheria yetu ya watu wazima walio katika hali ya kudhurika kwa urahisi, yenye kikomo cha saa 24, na tangu Julai 2015 kuna kituo kimoja cha simu kwa jimbo zima, kinachopokea taarifa usiku na mchana.

Sasa tuhesabu pamoja. Uko zamu ya usiku. Inapata saa kumi na dakika arobaini, unambadilisha bibi mwenye demensia, unaona alama nne za zambarau zimepangana upande wa ndani wa mkono wake, juu ya kiwiko. Zinafanana na vidole. Umeshashuku. Kwa hiyo mwisho wa muda ni saa kumi na mbili na dakika arobaini za asubuhi. Zamu ya asubuhi haijaingia. Mkuu wa wauguzi bado yuko kwake anatafuta funguo za gari. Yule msimamizi mwema mnayempenda, anayesema "nitalishughulikia nikifika", atafika muda umekwisha. Saa hazihesabiwi tangu mkubwa alipofungua ofisi. Zinahesabiwa tangu mtu wa nyumba ile aliposhuku au alipoambiwa.

(Na kwa kuwa tuko sisi kwa sisi: kwenye faili andikeni 0440. Saa zetu za Kiswahili ni nzuri kwa kuitana chai, lakini nimewahi kuona maelezo ya shahidi yaliyosomwa na mkaguzi kana kwamba tukio lilitokea saa sita kabla mzee hajapanda kitandani.)

Je, kila mchubuko ni wa kuripotiwa nje? Hapana, na tusitiane wazimu. Jeraha huingia katika lile fungu la chanzo kisichojulikana mambo mawili yakikutana. La kwanza, hakuna aliyeliona likitokea, au mzee mwenyewe hawezi kulieleza. La pili, lenyewe linatia shaka: kwa ukubwa wake, kwa mahali lilipo, kwa wingi wa majeraha yaliyoonekana wakati mmoja, au kwa kuwa yanajirudia. Goti lililochubuka la mzee aliyeonekana akijigonga kwenye kiti linabaki kuwa taarifa ya ndani. Mchubuko wa paja upande wa ndani kwa mwanamke asiyeweza kuinuka kitandani ni habari nyingine kabisa.

Hoja ya pili: jeraha la mzee halingojei asubuhi.

Hapa nitakaa kidogo, maana sheria huogopwa lakini mwili ndio hasa unaotudai haraka. Chukua mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, warfarin au apixaban, na wengi wanatumia. Ameteleza chooni akagonga kisogo. Umemwinua, anaongea, anacheka, anaomba chai. Unaandika kwamba anaendelea vizuri. Lakini kwa mtu wa namna hiyo damu yaweza kuvuja pole pole kati ya ubongo na fuvu, na ubongo wa mzee umesinyaa, kwa hiyo una nafasi ya kubeba damu hiyo kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, kabla dalili hazijaonekana. Aliyeripoti mara moja amewawezesha wenzake kupima mboni za macho, nguvu za mikono na ufahamu kila dakika 15 katika saa ile ya kwanza, na amemwezesha daktari kuamua kama apelekwe hospitali kupigwa picha ya kichwa. Aliyenyamaza amemwachia mwenzake wa zamu ya pili mzee anayekoroma kwa namna ya ajabu, bila mtu kujua kwamba alianguka.

Nyonga ni hivyo hivyo. Madaktari wa mifupa hutaka mzee aliyevunjika nyonga afanyiwe upasuaji ndani ya saa 24 hadi 48 tangu afike hospitali, kwa kuwa kadiri anavyokaa kitandani ndivyo nimonia, vidonda vya kulalia na kuganda kwa damu miguuni vinavyomkaribia. Mtu mwenye demensia hakwambii "nyonga inauma". Anakupiga ukimgeuza. Anakataa chakula. Nasi tunaandika kwamba leo ni mkorofi. Wangapi hapa wamewahi kuandika hivyo? Msinyooshe mikono, tafadhali, mkutano huu unarekodiwa.

Kuna na jambo la ushahidi. Wengi tumefundishwa kukadiria umri wa mchubuko kwa rangi: mwekundu ni wa leo, wa kijani au njano ni wa juzi. Mwaka 2005 daktari wa wazee Laura Mosqueda na wenzake wa California walichapisha utafiti wa wazee 101 waliotazamwa kila siku tangu mchubuko ulipotokea mpaka ulipofifia. Michubuko ya bahati mbaya karibu asilimia 90 ilikuwa mikononi na miguuni. Shingoni, masikioni, makalioni na sehemu za siri haukuonekana hata mmoja. Na rangi haikusema umri: michubuko mingine ilikuwa ya njano ndani ya siku ya kwanza. Kwa hiyo anayetaka kujua jeraha lilitokea lini hawezi kuisubiri ngozi imwambie kesho. Lazima pawe na mtu aliyeitazama ngozi ile jana jioni na mtu aliyeitazama leo alfajiri, na wote wawili wameandika.

Hoja ya tatu: unaripoti ulichokiona, huhukumu.

Nilizungumza na wahudumu wengi kabla ya kuja hapa, na kizuizi nilichokisikia mara nyingi ni kile cha "mimi sina uhakika". Msaidizi wa muuguzi huogopa kwamba akiandika atakuwa amemshitaki mtu. Basi anajaribu kuwa mpelelezi. Anamuuliza mwenzake wa jioni kwa simu, mwenzake anasema hajui, na saa mbili zimekwisha.

Hebu sikilizeni maandishi mawili, yote ya kutunga, juu ya bibi yetu wa alfajiri. La kwanza: "Mkono umechubuka kidogo, amefarijiwa, yuko sawa." La pili: "0440, nikimbadilisha nguo, nimeona alama nne za zambarau upande wa ndani wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kila moja upana wa kama sentimita moja na nusu, zimepangana. Ngozi haijapasuka. Alivuta mkono na kukunja uso nilipoukaribia. Nilipomwuliza alisema 'yule bwana'. Sikuziona nilipombadilisha 2310. Nimemwarifu nesi wa zamu 0445." Katika la pili hakuna aliyeshitakiwa. Hakuna "nadhani amepigwa", hakuna jina la mhudumu wa jioni. Lakini daktari ana la kufanyia kazi, mpelelezi ana pa kuanzia, na yule mhudumu wa jioni, kama hana hatia, ana kinga yake pia: alama hazikuwapo saa tano na dakika kumi usiku, yeye alikuwa ameshatoka.

Zingatieni yale maneno ya bibi, "yule bwana". Msiyasahihishe, msiyafasiri. Yaandikeni yalivyotoka. Demensia haimfanyi mtu kuwa mwongo, na kanuni haisemi kwamba tuhuma ya mwenye demensia haihesabiwi. Mkiona inafaa, ongezeni kwamba huwachanganya watu na majina. Uchunguzi ni kazi ya watu wengine na siku tano zao.

Msioshe sana, msibadilishe mashuka kabla nesi hajaona, msipige picha kwa simu zenu za mkononi. Hili la simu linawaponza vijana wetu kuliko yote. Picha ya mzee iliyo kwenye WhatsApp yako ni kosa jipya, hata kama nia ilikuwa njema.

Hoja ya nne: ukimya una wa kufaidika nao.

Tusijilaumu wahudumu peke yetu. Tangu mwisho wa mwaka 2008 serikali ya shirikisho huzipa nyumba za wazee nyota, moja hadi tano, na sehemu ya hesabu hiyo hutokana na takwimu ambazo nyumba zenyewe hujaza kuhusu wakazi wake, zikiwemo za kuanguka na kuumia. Anayejipima mwenyewe ana sababu ya kuilegeza mizani. Prachi Sanghavi wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walilinganisha takwimu hizo na madai ya malipo ya hospitali kwa miaka ya 2011 hadi 2015. Walichukua wazee waliolazwa kwa majeraha makubwa ya kuanguka, wakatazama kama nyumba zao ziliandika kuanguka kule. Zilizoandikwa zilikuwa asilimia 57.5. Kwa wazee weupe zilifika asilimia 59, na kwa wasio weupe hazikufika 47. Septemba 2025 Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya ya shirikisho ilifanya hesabu ya namna hiyo, ikakuta asilimia 43 ya visa vya namna hiyo kwa wazee wa Medicare havikuripotiwa. Miaka imepita, namba imebaki pale pale.

Na ripoti ikitoka, je, kuna anayeisoma? Mliokuwa hapa mwaka 2017 mnakumbuka gazeti la Star Tribune lilipofichua kwamba sehemu kubwa mno ya malalamiko yaliyofika jimboni haikuwa ikichunguzwa kabisa. Ofisi iliyohusika ilikuwa bado inahangaika na makaratasi, mafaili yamerundikana kwa maelfu. Desemba ile Kamishna wa Afya wa jimbo alijiuzulu, na mwaka uliofuata mkaguzi wa bunge la jimbo akathibitisha kwamba ofisi hiyo haikutimiza wajibu wake. Mrundikano uliondolewa baadaye. Naitaja habari hii kwa sababu kuna wahudumu waliokata tamaa wakati ule na hawajarudi. Walipiga simu, hawakujibiwa, wakaapa hawatajisumbua tena. Nawaelewa. Lakini jimbo lile lile lilibadilika kwa sababu ripoti zilizopuuzwa zilikuwa zimeandikwa na zina tarehe. Zisizoandikwa hazikumwaibisha mtu.

Hoja ya tano ni ya hofu, na ni ya kwetu sisi.

Tumelelewa kumsitiri mzee. Humtangazi akijichafua, humvui nguo mbele za watu, na hilo ndilo linalowafanya wahudumu wetu wapendwe katika nyumba hizi. Tumelelewa pia kutomchongea mwenzetu, hasa aliyetutafutia kazi, aliyetuhifadhi tulipofika, ambaye tunasali naye Jumapili au Ijumaa. Mambo hayo mawili yakikutana chumbani kwa mzee mwenye alama mkononi, yanazaa ukimya ambao kwa macho ya sheria ni kosa, na kwa mzee ni kuachwa peke yake. Juu yake pana kibali cha kazi kinachosubiriwa, zamu mbili kwa siku, na wakala anayeweza tu kuacha kukupigia simu.

Basi jueni mlicho nacho. Sheria ya Minnesota inamlinda anayeripoti kwa nia njema. Mwajiri akimchukulia hatua mbaya ndani ya siku 90 tangu aliporipoti, sheria huchukulia kwamba analipiza kisasi, na mwajiri ndiye atakayetakiwa kuonyesha vinginevyo. Kifungu hicho hakiulizi uraia wala aina ya kibali. Tena ukiripoti ndani ya nyumba, nyumba inatakiwa kukupa barua ndani ya siku mbili za kazi ikueleze kama imepeleka taarifa jimboni au la. Wangapi wamewahi kuiona barua hiyo? Naona mikono miwili, katika ukumbi huu wote. Iombeni. Ukiambiwa haijapelekwa na huridhiki, una haki ya kupiga simu wewe mwenyewe.

Na upande wa pili wa hofu: jina la msaidizi wa muuguzi aliyethibitika kudhulumu au kutelekeza huingizwa katika daftari la jimbo, na hakuna nyumba yenye cheti itakayomwajiri. Kwa aliyeficha, ukimya ni hatari kubwa zaidi kwa kibarua chake kuliko simu ile.

Neno fupi kwa familia. Nyumba inatakiwa kumwarifu daktari na mwakilishi wa mzee mara moja ajali inapoleta jeraha ambalo huenda likahitaji daktari. Simu ikija siku ya tatu, ulizeni ajali iliandikwa lini, na nani aliiandika. Masika ya 2020, nyumba zilipofungiwa wageni kwa ajili ya korona, wazee walipoteza jicho la pili, na wengi wenu mnajua mlichokikuta milango ilipofunguliwa. Tangu Januari 2020 jimbo hili linaruhusu mkazi au mwakilishi wake kuweka kamera chumbani kwa masharti. Mimi si shabiki mkubwa wa kamera. Inaona kuanguka, haioni maumivu. Ila kuikataza kwa siri, kwa vitisho kwa familia, nako ni jambo la kuripotiwa.

Mbele yetu naona kazi mbili. Ya kwanza ni hapa hapa: mwajiri ana wajibu wa kuwakumbusha wafanyakazi kila mwaka juu ya sheria ile ya 2010, na mara nyingi hufanya hivyo kwa karatasi ya kutia saini. Nimeikabidhi kamati rasimu ya mafunzo kwa Kiswahili, yenye mifano ya maandishi kama ile miwili. Wenye Kiswahili cha Lubumbashi na Bujumbura waipitie pia, maana baadhi ya maneno yangu ya pwani hayatawafaa.

Kazi ya pili iko nyumbani. Wapo ndugu humu ukumbini waliokwisha kununua viwanja Kiambu na Arusha ili wajenge nyumba za kulelea wazee, na baadhi wameniuliza juu ya vitanda na mashine za kuwanyanyulia. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, lakini Katiba haisemi nesi wa usiku amwite nani na ndani ya saa ngapi. Hilo mtaliandika wenyewe. Liandikeni kabla ya kuajiri: jina na namba ya simu ya mtu aliye nje ya nyumba, asiyelipwa na mmiliki, atakayepokea taarifa, daftari lenye kurasa zilizopigwa namba ili isichanwe hata moja, na kipengele katika mkataba wa kila mfanyakazi kwamba hatafukuzwa kwa alichokiripoti. Nikialikwa ufunguzi nitaanza na daftari hilo kabla ya kutazama vitanda.